Mabaka ya Mwasho Yasiyokoma: Kwa Nini Hutokea na Nafuu Hupatikanaje

Wapo wakazi wa Manispaa yetu ambao mwili huanza kuwawasha kila jioni bila sababu wanayoweza kuitaja. Ngozi huinuka mabaka yaliyovimba, kana kwamba mtu ameumwa na mbu mia moja kwa wakati mmoja. Mengine ni madogo kama punje ya mahindi, mengine ni mapana kama kiganja cha mkono. Mabaka hayo hukaa saa chache, hutoweka, kisha huchomoza mahali pengine. Asubuhi ngozi ni safi, na mgonjwa anayefika zahanati hana cha kumwonyesha tabibu. Hali hiyo ikiendelea kwa zaidi ya wiki 6, wataalamu huiita urtikaria sugu. Mitaani wengi wetu huiita mzio au aleji, na katika jina hilo ndimo gharama nyingi zisizo za lazima zinamoanzia.

Neno mzio humfanya mgonjwa aamini kwamba kipo kitu kimoja anachokula, anachovaa au anachogusa, ambacho akikiacha atapona. Huanza kuacha samaki, kisha mayai, kisha nyanya, bilinganya, karanga na nyama nyekundu. Hubadili sabuni, hubadili mafuta ya kupaka, na wengine hufikia hatua ya kuhama chumba walichopanga. Baada ya miezi sita amekonda, fedha zimekwisha, na mwasho uko palepale. Tiba ya leo inafundisha jambo jingine, na ndilo lililosababisha makala haya kuandikwa: kwa walio wengi wenye urtikaria sugu hakuna chakula wala sabuni ya kulaumiwa, na nafuu yao hutokana na kidonge cha bei ndogo kinachomezwa kila siku kwa utaratibu, chini ya uangalizi wa mtaalamu wa afya.

Kinachotokea chini ya ngozi

Ndani ya ngozi ya kila binadamu zimo seli za kinga ziitwazo seli za masti. Kila moja imebeba vichembe vyenye kemikali iitwayo histamini. Kazi ya seli hizi ni kama ya mlinzi wa zamu anayekaa na firimbi mdomoni: adui akiingia, firimbi hupigwa. Histamini ikimwagwa, mishipa midogo ya damu hutanuka na kuvujisha majimaji yanayojaa kwenye ngozi. Huo ndio uvimbe. Histamini hiyohiyo huamsha neva za ngozi, na huo ndio mwasho. Baada ya saa chache majimaji hunyonywa na mwili, ngozi ikarudi kama ilivyokuwa. Ndiyo maana baka moja kwa kawaida halimalizi saa 24 mahali pamoja, wala haliachi kovu, ingawa mgonjwa anaweza kuwa na mabaka mapya kila siku kwa miezi mingi.

Kwa watu wenye ngozi nyeusi kama walio wengi kati yetu, mabaka hayo hayaonekani mekundu kama yanavyochorwa kwenye vitabu vya Ulaya. Mara nyingi huwa na rangi ya ngozi yenyewe, au huiva kidogo tu, na hutambulika zaidi kwa kupapasa kuliko kwa kutazama. Mgonjwa asivunjike moyo akiambiwa kwamba hakuna kinachoonekana. Apapase, aonyeshe mahali palipoinuka.

Sasa swali ni nani anayeipuliza firimbi hiyo wakati adui hayupo. Kwa sehemu kubwa ya wagonjwa wa muda mrefu, jibu ni kwamba kinga ya mwili wao yenyewe imepotoka. Mwili hutengeneza kingamwili ambazo, badala ya kupambana na vijidudu, huzichokoza seli za masti zimwage histamini. Adui hatoki nje, hivyo kumsaka jikoni au kwenye beseni la kufulia hakuzai matunda. Kwa sababu hiyohiyo baadhi ya wagonjwa hawa huwa pia na maradhi ya tezi ya shingo, ambayo nayo aghalabu hutokana na kinga ya mwili kuushambulia mwili. Tabibu akiona dalili, anaweza kuagiza kipimo chake.

Takriban mtu 1 kati ya watu 5 hupata mabaka ya namna hii walau mara moja maishani. Walio wengi hupata kwa siku chache tu. Wanaobaki nayo kwa miezi au miaka ni wachache, wanaokadiriwa kuwa 1 kati ya 100 au pungufu ya hapo, na wanawake ni karibu mara mbili ya wanaume. Hali hii huwakamata zaidi watu wenye umri kati ya miaka 20 na 40, yaani umri wa kufanya kazi na kulea.

Ni haki kusema kwamba mabaka ya siku chache ni habari nyingine. Hayo mara nyingi huwa na kisababishi kinachojulikana: dawa kama penisilini, kuumwa na nyuki, kamba, karanga, na kwa watoto mafua au homa za virusi. Hata hivyo, chakula kinapokuwa ndicho chanzo, mwili huonyesha mapema, kwa kawaida ndani ya dakika chache hadi saa 2 tangu mtu ale, na hufanya hivyo kila anapokila. Aliyekula pweza Jumapili akavimba Jumatano hana sababu ya kumlaumu pweza. Vivyo hivyo, aliyekula mayai mara kumi bila shida na mara ya kumi na moja akawashwa, asikimbilie kuwanyima watoto wake wote mayai.

Lipo kundi la tatu, ambalo katika jiji letu la joto halipaswi kusahauliwa. Hawa mabaka yao huchochewa na jambo la kimwili. Wapo wanaovimba kila jasho linapotoka: vipele vidogo kama vichwa vya pini hujaa shingoni, kifuani na mikononi dakika chache baada ya mtu kupanda ngazi, kucheza mpira au kubanana ndani ya daladala mchana wa Januari, kisha hupotea kabla ya saa moja au muda mfupi baada ya hapo. Wapo wanaovimba mahali palipobanwa na mkanda, sidiria au kamba ya mkoba, tena saa kadhaa baada ya kubanwa. Na wapo ambao ukipitisha kitu butu juu ya ngozi yao, mstari huinuka mahali kilipopita, kiasi kwamba mtu anaweza kuandika jina lake mgongoni. Wa kundi hili ndio wenye faida ya kutafuta kichochezi, kwa kuwa kinajulikana na kwa kiasi fulani kinaweza kuepukwa.

Damu chafu, kurogwa na hofu ya VVU

Maelezo yanayosikika zaidi mitaani ni kwamba mwasho unatokana na damu chafu, na kwa hiyo dawa yake ni kuisafisha. Dawa za kusafisha damu zinauzwa stendi, sokoni na milangoni mwetu. Ieleweke kwamba kazi ya kuondoa taka katika damu inafanywa na ini na figo kila saa, usiku na mchana, na urtikaria si dalili kwamba viungo hivyo vimeshindwa. Ubaya wa dawa hizo hauishii kwenye bei. Nyingine hazisemi kilichomo ndani yake, na mtu ambaye ini lake lilikuwa zima anaweza kuliharibu akitafuta kutibu ngozi. Dawa halali nchini husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Muuzaji asiyeweza kuonyesha usajili hana sababu ya kukasirika akiulizwa.

Wengine huambiwa wamerogwa, au kwamba mwenye nyumba, mke mwenza au jirani ametia kitu kwenye maji. Mwandishi wa makala haya hana nia ya kubishana na imani ya mtu. Anachoweza kueleza ni kwamba ugonjwa unaokuja jioni na kuondoka asubuhi, bila kuacha alama, huonekana wa kimiujiza kwa mtu yeyote asiyejua habari za histamini, na kwamba ujirani uliovunjika kwa tuhuma haurudi kirahisi hata mwasho ukiisha.

Hofu ya tatu husemwa kwa sauti ya chini. Tangu miaka ya 1980 jamii yetu imezoea kuhusisha vipele vya kuwasha na VVU, na hofu hiyo haikutoka hewani. Upo kweli ugonjwa wa ngozi unaowapata baadhi ya watu wenye maambukizi ya VVU wasiotumia dawa, wenye vipele vya kuwasha kwenye mikono, miguu na hata usoni. Lakini vipele hivyo hukaa mahali pamoja kwa siku na wiki, huchubuka kwa kukunwa, na huacha madoa meusi. Mabaka ya urtikaria huhama na hayaachi doa. Mwenye mashaka hapaswi kubaki nayo. Upimaji wa VVU katika vituo vya Serikali hautozwi fedha, na majibu ni siri ya mpimwaji. Jambo baya kuliko yote ni kujificha ndani na kukwepa kituo cha afya kwa kuogopa jibu la swali ambalo pengine halihusiani kabisa na mwasho huo.

Kutokana na hofu hizi, wanaoumia mara mbili ni wale ambao kazi yao ni kuhudumia watu. Mama lishe mwenye mabaka mikononi huona wateja wakihamia kwa jirani. Dada wa kazi huulizwa kama ameoga. Msusi hukataliwa kichwa cha mteja. Urtikaria haiambukizi. Haihami kwa kupeana mkono, kwa chakula, kwa kitanda, kwa nguo wala kwa kutumia choo kimoja. Mwajiri anayemwachisha mtu kazi kwa sababu hiyo anamwonea.

Yapo hata hivyo magonjwa mengine ya kuwasha ambayo yanaambukiza au yana chanzo chake, na si vema yote yakatiwa kapu moja. Upele, ule unaoletwa na mdudu mdogo sana anayejichimbia ndani ya ngozi, huwasha zaidi usiku na hupenda katikati ya vidole, viganjani, kiunoni na sehemu za siri; ukiona nyumba nzima inajikuna, fikiria upele kwanza, na ujue kwamba wote wa nyumba hiyo hutibiwa siku moja, la sivyo utazunguka. Vipele vya kuumwa na viroboto, mbu au kunguni, vinavyowasumbua sana watoto, hukaa miguuni na mikononi kwa siku nyingi, aghalabu vikiwa vitatu au vinne vilivyofuatana. Pumu ya ngozi huikausha na kuikwaruza ngozi kwenye mikunjo ya viwiko na magoti. Na mafundi wetu wa soko la vinyago la Mwenge wanafahamu kwamba vumbi la mpingo huwasha baadhi yao. Lakini mwasho huo hukaa mahali vumbi lilipogusa, yaani mikononi, shingoni na kwenye kope, kwa siku kadhaa, na dawa yake ya kwanza ni kujikinga na vumbi.

Kidonge cha kila siku

Kwa kuwa histamini ndiyo inayovimbisha na kuwasha, dawa ya msingi ni ile inayoizuia isifanye kazi. Dawa za kundi hili zilianza kugunduliwa katika miaka ya 1930, na mtafiti aliyefungua njia hiyo, Daniel Bovet, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1957. Tangu hapo zimepatikana za vizazi viwili. Ya zamani inayofahamika zaidi hapa kwetu ni klofeniramini, ambayo wengi huiita Piriton. Hupunguza mwasho, lakini huleta usingizi mzito na nguvu yake huisha baada ya saa chache. Dereva wa bodaboda, mwenye kuendesha daladala, au mchongaji anayeshika tezo na patasi hana budi kuiogopa wakati wa kazi. Hata anayeimeza usiku anaweza kuamka na kichwa kizito.

Za kizazi cha pili, kama setirizini na loratadini, hazileti usingizi kwa kiasi hicho, ingawa setirizini huwalevya kidogo baadhi ya watu. Kidonge kimoja cha miligramu 10 hufanya kazi kwa siku nzima. Dawa hizi zinapatikana kwa majina ya kawaida yasiyo ya kibiashara, tena kwa bei isiyofanana hata kidogo na ile ya vipimo vya mzio au chupa za kusafisha damu.

Hapa ndipo kosa kubwa linapofanyika. Wagonjwa wengi humeza kidonge wakati mabaka yameshatoka, wakipata nafuu huacha, na yakirudi husema dawa haifanyi kazi. Kidonge hakiwezi kuirudisha histamini iliyokwisha kumwagwa. Kazi yake ni kukaa mlangoni kabla haijafika, na mlango usio na mlinzi kila siku ya tatu haulindwi. Mgonjwa wa urtikaria sugu humeza dawa kila siku, saa ileile, awe amewashwa au hakuwashwa, kwa wiki 2 hadi 4 ndipo apime matokeo. Mwenye shinikizo la damu hamezi dawa yake siku kichwa kinapouma tu. Na huyu ni vivyo hivyo.

Ikiwa baada ya muda huo nafuu haitoshi, isidhaniwe kwamba matumaini yamekwisha. Miongozo ya kimataifa inamruhusu daktari kuongeza kiwango cha dawa hizi za kizazi cha pili hatua kwa hatua, hadi mara nne ya kipimo cha kawaida. Hilo ni la daktari. Mgonjwa asijiongezee mwenyewe, hasa akiwa mjamzito, mzee, au mwenye maradhi ya figo au ini. Kwa wachache ambao hata hapo hawapati nafuu ipo sindano iitwayo omalizumabu, iliyoidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka 2014 kwa ajili ya ugonjwa huu na kuchomwa kila baada ya wiki 4. Bei yake bado ni mzigo mkubwa kwa mwananchi wa kawaida, lakini ni vema ijulikane ipo.

Ugonjwa huu una tabia ya kuisha wenyewe. Kwa wengi hudumu kati ya mwaka 1 na miaka 5, kisha hufifia. Kidonge hakiuponyi, kinamwezesha mtu kulala, kufanya kazi na kukaa na watu wakati mwili unajirekebisha. Mabaka yakikosekana kwa miezi kadhaa mfululizo, tabibu huelekeza dawa ipunguzwe ili kuona kama bado inahitajika.

Sindano za haraka na mikorogo

Mwasho wa usiku kucha humfanya mtu akubali chochote. Ndipo wengine wanapopata mazoea ya kwenda kuchomwa sindano ya deksamethasoni, au kununua prednisoloni dukani kila wanapovimba. Dawa hizi za steroidi hutuliza kwa haraka ajabu, na haraka hiyo ndiyo mtego wake. Daktari anaweza kuzitumia kwa siku chache katika hali mbaya. Zikitumiwa kwa miezi, hupandisha sukari na shinikizo la damu, hunenepesha uso, hudhoofisha mifupa na kuidhoofisha kinga, na zikiachwa ghafla mabaka hurudi kwa nguvu. Krimu za steroidi nazo, zile zinazochanganywa kwenye mikorogo ya kujichubua, hazitibu urtikaria. Zinaifanya ngozi iwe nyembamba na kuifungulia maradhi mengine.

Kuna dawa za maumivu zinazochochea mabaka kwa baadhi ya wagonjwa hawa: aspirini, diklofenaki na ibuprofeni. Mwenye urtikaria akiumwa kichwa au mgongo, parasetamoli humfaa zaidi. Pombe nayo huongeza mwasho kwa wengi.

Nyumbani, ubaridi ni rafiki. Kitambaa kilicholowekwa kwenye maji baridi, kuoga maji yasiyo ya moto, feni, losheni ya kalamini, na nguo za pamba zisizobana hupunguza adha wakati dawa inafanya kazi yake. (Wenye kuvimba kwa ubaridi, ambao wapo ingawa ni wachache, wafanye kinyume.) Kanga iliyozoeleka ni vazi zuri kuliko fulana ya nailoni. Kucha zikatwe fupi, hasa za watoto, maana vidonda vya kujikuna huingiliwa na vijidudu.

Dalili zisizosubiri asubuhi

Baadhi ya wenye urtikaria sugu huvimba pia midomo, kope, viganja au nyayo kwa siku moja au mbili. Inatisha kutazama, lakini mara nyingi hupita. Hata hivyo, yeyote mwenye mabaka au uvimbe akianza kupumua kwa shida, kukoroma kwa kooni, sauti kukwama, ulimi kuvimba, kutapika mfululizo, kuona giza au kuzimia, huo ni mzio mkali unaoweza kuua ndani ya dakika chache. Hutokea zaidi baada ya kuumwa na nyuki, kuchomwa sindano au kula kitu ambacho mwili unakikataa. Dawa yake ni sindano ya adrenalini inayochomwa kwenye paja, na hospitali ndiko iliko. Usimmezeshe vidonge ukasubiri; mlaze chali, miguu ikiwa juu, au mwache akae kama anapumua kwa shida, na apelekwe kwa chombo cha kwanza kinachopatikana.

Mwenye shinikizo la damu anayetumia kaptoprili, enalaprili au lisinoprili akiona midomo au ulimi unavimba, amwone daktari siku hiyohiyo. Dawa hizo zinaweza kuleta uvimbe wa namna hiyo bila mwasho wowote, hata baada ya kuzitumia kwa muda mrefu, na daktari atambadilishia.

Pa kuanzia

Safari ianzie zahanati au kituo cha afya cha Serikali kilicho karibu. Kwa wakazi wa mtaa wa Mwenge na Kata ya Kijitonyama kwa jumla, hatua inayofuata ya rufaa ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Mwananyamala. Walio upande wa Barabara ya Sam Nujoma wapo karibu pia na Hospitali ya Sinza, maarufu kwa jina la Palestina, ingawa tangu mwaka 2016 eneo hilo lipo Manispaa ya Ubungo. Madaktari bingwa wa ngozi wapo Hospitali ya Taifa Muhimbili. Kwa kuwa mabingwa hao ni wachache nchini, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi katika Hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafunza matabibu kutoka nchi mbalimbali za Afrika ili huduma hii isingoje bingwa. Urtikaria ni miongoni mwa magonjwa ambayo tabibu wa ngazi ya chini anaweza kuyatibu vizuri.

Wenye bima waende na kadi zao. Watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wanahudumiwa kwa utaratibu wa msamaha wa Serikali, na asiye na uwezo wa kulipa amwone ofisa ustawi wa jamii wa kituo husika kabla ya kukata tamaa.

Usidai kupimwa vipimo vingi. Mara nyingi picha kubwa ya damu, na kipimo cha choo kwa kuwa minyoo huweza kuchochea mabaka, vinatosha kwa kuanzia. Orodha ndefu ya vipimo vya mzio wa vyakula, inayouzwa kwa bei kubwa katika baadhi ya maabara, haimsaidii mgonjwa wa urtikaria sugu, na majibu yake humwachisha vyakula ambavyo havikumkosea.

Kinachomsaidia tabibu kuliko vipimo hivyo ni vitu viwili ambavyo havina gharama. Cha kwanza ni picha. Mabaka yakitoka usiku, yapige picha kwa simu, kwenye mwanga mzuri, kisha chora duara kwa kalamu kuzunguka baka moja na uangalie kama litakuwapo kesho yake wakati kama huo. Likiwa bado lipo baada ya saa 24, linauma kuliko kuwasha, au limeacha alama kama ya jeraha, mweleze tabibu, kwa sababu huenda ni ugonjwa mwingine wa mishipa ya damu unaohitaji uchunguzi wake.

Cha pili ni daftari. Kila siku, kwa siku 7, jipe alama mbili. Ya mabaka: 0 kama hayapo, 1 kama ni chini ya 20, 2 kama ni kati ya 20 na 50, na 3 kama yanazidi 50. Ya mwasho: 0 kama haupo, 1 kama ni mdogo, 2 kama unasumbua lakini unalala, na 3 kama unakunyima usingizi au kazi. Jumlisha za wiki nzima. Kiwango cha juu kabisa ni 42; alama 6 au chini ya hapo humaanisha ugonjwa umedhibitiwa vizuri, na zinazozidi 27 humaanisha ni mkali. Andika pia dawa zote unazotumia, za hospitali na za miti shamba, bila kuficha hata moja. Rudia hesabu hiyo baada ya wiki 4 za kidonge cha kila siku, na urudi kliniki na daftari lako.

Kwa maelezo ya afya kwa njia ya simu, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo.